Kozi ya utetezi wa wagonjwa na uchanganuzi wa data ya afya jijini Nairobi: uzoefu wangu

Kozi hii niliisoma katika chuo cha binafsi katikati ya jiji, na masomo ni ya jioni na Jumamosi. Imeunganisha kazi mbili ambazo mara nyingi hufundishwa mbalimbali: kumsimamia mgonjwa anayehangaishwa na hospitali au bima, na kusoma takwimu za hospitali hiyohiyo. Muungano huo ndio unaonifanya niipendekeze. Mgonjwa mmoja akilalamika ataombwa radhi, basi. Malalamiko yale yale yakipangwa kwa wadi, zamu na aina ya huduma, msimamizi anaona wapi pa kuongeza muuguzi.

Upande wa data ndio wenye uzito. Unaanza na rejista ya wagonjwa wa nje iliyoingizwa Excel bila mpango, na hapo ndipo kazi halisi ilipo. Namba ya simu inayoanza na 07 hupoteza sufuri kwa sababu programu huihesabu kama namba ya kawaida. Dawa yake ni kuiweka safu iwe maandishi kabla ya kuingiza data, kwani baadaye umechelewa. Tarehe 03/04 husomwa Aprili 3 au Machi 4 kutegemea mpangilio wa kompyuta, na siku ikizidi 12 kisanduku hubaki maandishi matupu. Matokeo yake, safu moja inakuwa na tarehe sahihi, tarehe zilizopinduka na maandishi, na jedwali halitakuonya. Mary Achieng na Achieng Mary wanahesabiwa wagonjwa wawili. Walinganishe kwa simu na tarehe ya kuzaliwa, lakini ukiona Januari 1 nyingi ujue karani alikadiria umri.

Baada ya hapo inakuja DHIS2, mfumo wa kukusanya ripoti za vituo vya afya uliobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo ambao Kenya ilianza kuutumia nchi nzima mwaka 2011. Mfumo wa taifa unaotumia DHIS2, yaani KHIS, unahitaji akaunti, kwa hiyo mazoezi hufanywa kwenye tovuti ya majaribio ya DHIS2 yenye data ya Sierra Leone. Usivunjike moyo. Kuchagua kipengele cha data, kipindi na kituo ni kulekule. Mwalimu alitumia muda mrefu kwenye tofauti ya sufuri na kisanduku kitupu, na alifanya vyema: mfumo kwa kawaida hauhifadhi sufuri mpaka kipengele kiwekewe agizo hilo, hivyo kituo kisicho na mgonjwa wa malaria na kituo kisicholeta ripoti vinaweza kuonekana sawa. Kabla ya kutangaza kwamba ugonjwa umepungua katika kaunti ndogo fulani, angalia kwanza ni ripoti ngapi zimefika kati ya zilizotarajiwa.

Vivyo hivyo kiwango cha huduma, yaani waliohudumiwa kugawiwa kwa waliotarajiwa, kikipita asilimia 100. Si lazima mtu awe amedanganya. Akina mama kutoka pande zote za jiji hujifungulia hospitali ya uzazi ya Pumwani, ilhali idadi ya kugawia ni makadirio ya wakazi wa eneo hilo peke yao.

Utetezi wenyewe unafundishwa kwa mpangilio mzuri: pata idhini ya mgonjwa kwa maandishi, andika mfululizo wa matukio kwa tarehe na saa, omba nakala ya faili kwa barua, anza na dawati la malalamiko la hospitali, kisha panda ngazi. Suala la daktari au la kituo hupelekwa kwa baraza la madaktari, KMPDC. La muuguzi lina baraza lake. Barua zinaegemea Ibara ya 43 ya Katiba, inayokataza kumnyima mtu matibabu ya dharura, na Mkataba wa Haki za Wagonjwa wa 2013. Tulisoma pia uamuzi wa Mahakama Kuu wa 2015 kwamba kumzuilia mgonjwa hospitalini kwa sababu ya bili ni kinyume cha sheria. Kila mtetezi aujue uamuzi huo, maana familia nyingi bado hudhani hospitali ina haki hiyo.

Penye udhaifu ni bima. Vitini vilikuwa bado vinazungumzia NHIF, bima ya afya ya taifa ya zamani, ilhali SHA, mamlaka iliyochukua nafasi yake, ilianza kazi Oktoba 1, 2024. Hilo ni kosa zito, kwa sababu mapokezini maswali mengi ni ya SHA. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara ghafi, na mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Asiye na mshahara hutathminiwa kipato na hulipa ya mwaka kwa pamoja. Wengi hukwama kwa kuwa wamesajiliwa lakini hawajalipa, au mtoto hajaongezwa kwenye orodha. Mfundishe mgonjwa kupiga *147# kabla ya kutoka nyumbani.

Usiri wa data nao ulipitiwa haraka mno. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaiweka taarifa ya afya katika kundi nyeti, na data ikivuja kukiwa na hatari kwa mgonjwa, Kamishna wa Data huarifiwa ndani ya saa 72. Jedwali la wagonjwa halitumwi WhatsApp, hata kwa mwanafunzi mwenzako. Na kundi likiwa na watu wachache sana, usichapishe idadi yake: katika mtaa mdogo, wagonjwa wawili hutambulika kwa haraka.

Kuhusu ajira, cheti hiki hakikufanyi afisa wa kumbukumbu za afya. Hao husajiliwa chini ya sheria yao ya 2016. Tafuta nafasi za mahusiano ya wagonjwa, madai ya bima, au ufuatiliaji na tathmini.

Kabla ya kulipa, uliza kama ada inajumuisha mtihani, na kama hospitali ya mafunzo ya nyanjani imeshakubali kwa barua. Laptopu iwe ya Windows, kwani Power BI Desktop, programu ya kuchanganua na kuchora data, haifungui kwenye Mac, na kumbukumbu (RAM) isipungue GB 8.