TAHADHARI kwa wafua kapeti na masofa: kuna anayeuza mota zilizoingia maji kama mpya

Ndugu zangu mnaofua kapeti na masofa hapa Dar, someni hii kabla hamjapeleka mota ya vakyumu kwa mtu. Kuna muuzaji wa vipuri Kariakoo anayekusanya mota zilizoingia maji, anazisafisha, anazibandika lebo mpya na kuziuza kama zimetoka kiwandani. Jina la duka silitaji hapa kwa sababu malalamiko tunayapeleka Tume ya Ushindani (FCC). Mbinu zake lakini nazieleza zote, maana ameshawaliza vijana ambao mtaji wao wote ni hiyo mashine moja.

Anavyofanya ni hivi. Unampelekea mota iliyoanza kupiga yowe. Anazungusha feni kwa kidole, ananusa, kisha anasema, "Hii imeungua kaka, hapa hakuna mota." Halafu anakupa nafuu: mwachie hiyo mbovu, ongeza laki na ishirini, chukua mpya. Ukishaondoka, ya kwako inabadilishwa beringi ya elfu chache, inapulizwa rangi, na anauziwa mwenzako aliyeambiwa maneno yaleyale.

Nimezifungua mota ambazo wenzangu walinunua kwake. Chini ya kava linalong'aa, feni zilikuwa na utando mweupe wa sabuni iliyokaukia, na nyuzi za zulia zimejisokota kwenye shafti. Nati ya feni ilikuwa na makovu ya spana. Kaboni, vile vijiti vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye shaba za shafti, zilikuwa mpya kweli, tena ndefu, ila zile shaba zinapokanyaga kaboni zilikuwa zimeshalika na kuacha mfereji mweusi kuzunguka shafti. Hapo ndipo pa kumkamatia. Mota ambayo haijafanya kazi, shaba zake ni safi na sawasawa. Ukiona kaboni mpya juu ya shaba zilizolika, hiyo imetumika, hata kama boksi bado lina plastiki. Nenda na tochi, mulika pale kwenye kaboni kabla hujatoa hela. Akikukataza kuangalia, ondoka.

Kinachouma zaidi ni kwamba nyingi ya mota anazosema zimeungua hazijaungua. Mota za mashine zetu zina njia mbili za hewa. Hewa ya kunyonya inapita kwenye feni za chini na kutokea pembeni, na juu kuna feni nyingine ndogo inayopuliza hewa safi ya kupoza koili. Kwa hiyo maji yakipanda kutoka kwenye tangi la maji machafu, yanapiga kwanza feni za chini na beringi ya chini. Yanaosha grisi, beringi inashika kutu, na mota inaanza kulia. Koili mara nyingi bado ziko salama. Ukiendelea kuilazimisha ifanye kazi, beringi inakwama, shafti inagoma, na hapo sasa koili zinaungua kweli.

Kwa hiyo ikilia, izime, chomoa kwenye umeme, itoe na uiache ikauke vizuri siku moja au mbili. Kisha pima kwa mita. Kati ya waya mbili za mota upate ohm chache; isiposoma kabisa, anza kuangalia kaboni, huenda zimeisha. Kati ya waya na bodi ya chuma mita isisome kitu. Ikisoma hapo, usiiwashe, inaweza kukuua. Angalia koili: zilizoungua huwa nyeusi na harufu yake haijifichi. Kama koili zina rangi yake na mita imekubali, mpe fundi abadilishe beringi zote mbili, ukimsimamia. Mwambie atafute zenye mpira pembeni, zilizoandikwa 2RS, kwa sababu zinazuia maji kuliko zile za ZZ zenye kifuniko cha bati.

Huyuhuyu muuzaji anafanya na jingine ambalo mimi naliona baya kuliko hilo la kwanza. Wateja wengine amewapa mota za vakyumu za vumbi. Kwa macho zinafanana, na zinaingia kwenye mashine bila shida. Lakini hizo zinapozwa na hewa ileile inayonyonywa, inapita katikati ya koili. Kwenye kapeti lililolowa maana yake unapitisha unyevu juu ya umeme wa volti 230, na wewe umesimama kwenye maji umeshika bomba la chuma. Kabla hujalipa, mwambie akuonyeshe feni ya kupozea juu na tundu la pembeni la kutolea hewa. Visipokuwepo, hiyo si mota ya maji. Soma na lebo: mota ya volti 120, ya Marekani, haidumu kwenye umeme wetu.

Ili usifike kwake kabisa, pambana na povu. Povu ni jepesi, haliinui boya la kwenye tangi la maji machafu, lile linalozuia maji yasiingie kwenye mota tangi likijaa, linapita tu na kuingia kwenye mota. Wengi wanadhani kwa kuwa boya ni zima basi wamesalimika. Weka dawa ya kuua povu kwenye tangi, punguza sabuni, mwaga kabla halijajaa. Kazi ikiisha, mwaga maji yote, chomoa mpira wa kunyonyea na uiache vakyumu iungurume dakika tano ikivuta hewa kavu. Usiizime na kuifungia kwenye gari ikiwa bado imelowa.

Aliyenunua mota Kariakoo kwa mtindo huu wa kuacha ya zamani, aniandikie inboksi. Usiifungue zaidi, usitupe boksi. Ipige picha lebo na kaboni, tunza risiti ya EFD, na kama hakukupa risiti tunza ujumbe wa malipo ya simu. Tunakusanya za watu wote ili tukienda FCC twende na mzigo mmoja. Na kama ameshika mota yako sasa hivi, kaichukue leo kabla hajaifungua.