Nyonyo nyekundu ya kulishia vitoto vya mbuzi: ni nzuri ila dukani hawakuambii kitu

Wadau wa mbuzi wa maziwa nimerudi na hii nyonyo ya mpira mwekundu, ile yenye kitako cha njano cha kufungia kwenye chupa ya soda. Nilinunua mbili duka la dawa za mifugo Morogoro mjini, 6,000 kila moja, nimezitumia wiki saba sasa kwa hiyo naongea kitu nilichokiona sio cha kusimuliwa.

Mimi nafuga huku Mgeta, hawa wa Norway walioletwa milimani kwetu miaka ya 80 kupitia chuo cha kilimo cha Sokoine, SUA, ninao wanne tu majike. Huyu mmoja tumbo lilikuwa kubwa mpaka jirani yangu mzee akawa ananiambia binti hapo jiandae, hao sio wawili. Siku ya 149 tangu apandwe, saa nane usiku, baridi la Julai mnalijua wenyewe mliopita huku, akaanza. Wa kwanza beberu, wa pili jike, nikamaliza kuwapaka iodini kitovuni nikajua basi, kumbe kuna wa tatu. Nikampima kwenye ule mzani wa kuning'iniza wa kupimia maharage, kilo 1 na gramu 800. Na mbuzi chuchu ni mbili, wenzake wameshashika kila mmoja yake, hapo hesabu inakataa.

Nikamwekea kidole mdomoni, wa baridi kabisa. Wageni kwenye ufugaji shikeni hili, kitoto mdomo ukiwa wa baridi usimpe maziwa kwanza, mpashe joto, maana hana nguvu ya kumeza na tumbo halifanyi kazi, unaweza kumuua kwa huruma yako. Nikamviringisha kwenye kanga kuukuu na chupa mbili za maji ya moto, karibu saa zima ndo mdomo ukapata joto akaanza kutafuta tafuta. Nikamkamua mama dang'a kwenye kikombe, yale maziwa ya kwanza akishazaa, mazito ya njano, nikaweka kwenye chupa, nikafunga nyonyo. Kitu hakitoki. Nabinya chupa, wapi. Kitoto kinavuta kinaachia kinalia. Namulika na tochi ya simu naona ncha imezibwa kabisa haina tundu, nikasema nimeuziwa feki. Basi usiku ule nilitumia bomba la sindano la mililita (mil) 10 bila sindano yenyewe, tone tone pembeni ya mdomo, mpaka kunakucha nimempa kama mil 90, na siku nzima nikahakikisha anafika mil 180, ile asilimia kumi ya uzito wake.

Asubuhi napiga simu dukani, yule kaka ananijibu kwa upole kabisa, "dada ile unakata mwenyewe na wembe." Sasa kaka yangu si ungesema nikiwa hapo dukani nakuhesabia hela? Karatasi ya maelezo haimo, zimefungwa kwenye kinailoni basi.

Nikakata. Na hasira zangu nikakata kubwa. Nikageuza chupa maziwa yanamwagika kama bomba, mi nikaona ndo vizuri atashiba haraka, weee, mikupuo mitatu tu kitoto kikapaliwa, maziwa yakatoka puani, nikakishika kichwa chini huku natetemeka maana yakienda kwenye mapafu ni nimonia hiyo. Nashukuru alikohoa yakaisha. Ile nyonyo nikaitupa, 6,000 imeenda. Ya pili nikakata kidogo kama punje ya mchele, ukigeuza chupa yadondoke tone tone, yasichuruzike, yeye ndo avute. Na umlishe amesimama, shingo imenyooka kwenda juu kama anavyonyonya kwa mama yake, usimlaze mapajani kama mtoto wa mtu.

Tangu hapo sina neno na hiyo nyonyo. Laini, kitoto dhaifu anaiweza, na kale kagololi kwenye kitako kanaingiza hewa kwa hiyo mpira haunywei katikati ya kunyonya. Zamani nilitumia chupa ya mtoto ya famasi, siku ya tatu ilishatafunwa. Ila usafi hapa ndo kuna kazi, mabaki ya maziwa yakigandia kwenye kagololi hewa haipiti, nyonyo inanywea inakuwa kama kitambaa na kitoto kinakasirika, kwa hiyo kila mara maji ya moto na mswaki wa zamani. Kingine, kwenye chupa za soda inakaa vizuri, ila chupa za maji zangu zenye shingo fupi ilivuja, nusu ya maziwa yaliishia kwenye gauni.

Wiki ya kwanza nilimpa mara nne kwa siku, baadae tatu, sasa hivi mbili na majani ya guatemala ameanza kuyachezea chezea na pumba kidogo. Jana kapanda mzani wa maharage tena, kilo 6 na kidogo, na ncha ya nyonyo kaitafuna upande mmoja kwa hiyo Jumamosi nashuka mjini kuchukua zingine mbili.

Nyonyo nyota 4. Duka nyota 2, na Jumamosi wembe nanunua hapo hapo, anikatie yeye huku namwangalia.