Sheffield Shield 2024-25: tathmini ya mtazamaji wa Adelaide

Hapa Adelaide utaambiwa mapema kwamba kriketi ya majimbo haina watazamaji, na ukiingia uwanjani Jumanne asubuhi ukakuta wastaafu wachache, mwanafunzi mmoja na njiwa, utaamini. Hata hivyo nimeufuata msimu wa 2024-25 wa Sheffield Shield, mashindano ya majimbo ya Australia, tangu ulipoanza Oktoba hadi fainali ya mwisho wa Machi, nikiwa kiwanjani South Australia, timu ya jimbo letu, walipocheza nyumbani na mtandaoni walipokuwa ugenini. Tathmini hii ninawaandikia wapenzi wa kriketi wasomao Kiswahili, hasa wale ambao wamezoea Kombe la Dunia na ligi za ova 20 (ova moja ni mipira 6) na wanajiuliza kama inafaa kutumia siku nne kutazama mechi moja. Kwangu mimi inafaa, ikiwa unachotaka ni kujua nani atakayevaa kofia ya kijani ya timu ya taifa ya Australia, na amepitia wapi kuifikia.

Mashindano yenyewe ni ya zamani, kwani yalianza msimu wa 1892-93 baada ya Lord Sheffield kutoa pauni 150 za kuendeleza mchezo huo nchini Australia. Majimbo ni 6, kila timu hucheza mechi 10, ushindi una alama 6, na kuna alama za ziada zinazotokana na mbio na wiketi (yaani wapigaji waliotolewa) za ova 100 za kwanza za kila timu. Timu mbili za juu hukutana fainali, na iliyoongoza msimamo huwa mwenyeji. Alama hizo za ziada ndizo zinazoufanya ukurasa wa msimamo usomeke kama hesabu za duka, lakini baada ya raundi mbili tatu mtu huzoea.

Kuhusu huduma kwa mtazamaji, nina sifa na lawama. Mechi nyingi za Shield watu huingia bure, unakaa unapotaka, na kwa kuwa uwanja umetulia unasikia mambo ambayo televisheni haikupi: nahodha akimsogeza mlinzi hatua mbili, mlinda wiketi akimtia moyo mrushaji aliyechoka, na mlio wa mpira unapogusa ukingo wa gongo kabla hujaona kilichotokea. Mtandaoni mambo si mazuri hivyo. Kampuni ninayoilipia kila mwezi ilikuwa na tabia ya kukatika saa ya jioni, yaani wakati uleule ambapo warushaji hupewa mpira mpya na wapigaji huanza kuanguka, na niliowapigia simu waliniambia nizime kifaa na kukiwasha tena. Lawama kubwa zaidi ni ya ratiba. Katikati ya Desemba mashindano husimama kupisha Big Bash, ligi ya ova 20, na hayarudi hadi Februari, hivyo mchezaji aliyekuwa moto mwezi Novemba hukaa wiki kadhaa akijifunza kupiga mipira juu ya paa, kisha anatakiwa kurudi akiwa na subira ileile.

Tena, mtu asidhani kwamba ni mchezo wa kusinzia tu. Tarehe 25 Oktoba 2024, katika One-Day Cup, ambayo ni mashindano ya ova 50 ya majimbo hayohayo, Western Australia walikuwa na mbio 52 kwa wiketi 2 dhidi ya Tasmania mjini Perth. Wakamaliza na 53. Wiketi 8 zilianguka kwa mbio moja, na hiyo moja yenyewe haikupigwa na mtu, bali ilitokana na mpira uliorushwa mbali mno na mpigaji. Wapigaji 6 hawakuambulia hata mbio moja. Na hawa hawakuwa vibonde: walikuwa mabingwa wa misimu mitatu mfululizo katika Shield na katika One-Day Cup pia. Aliyewafanyia hayo ni Beau Webster, ambaye siku hiyo alichukua wiketi 6 kwa mbio 17.

Webster ndiye mfano wangu wa kwanza wa namna Shield inavyopaswa kusomwa. Msimu wa 2023-24 alikuwa amefunga mbio 938 na kuchukua wiketi 30, na kabla yake mtu pekee aliyewahi kuvuka mbio 900 na kufikisha wiketi 30 katika msimu mmoja wa Shield alikuwa Garfield Sobers wa West Indies, alipoichezea South Australia katika miaka ya 1960. Hata baada ya rekodi hiyo alisubiri hadi Januari 2025 kupewa mechi yake ya kwanza ya Test, yaani mechi ya siku tano ya timu za taifa, dhidi ya India mjini Sydney, akiwa na umri wa miaka 31. Alifunga 57 katika zamu ya kwanza, kisha 39 bila kutolewa, na ndiye aliyepiga mpira wa ushindi. Ukimtazama huoni cha ajabu: ni mrefu, hana papara, anarusha mipira ya kasi ya wastani na anaweza kubadilika akarusha ya kuzunguka. Msimu huu nilijifunza kuwathamini wachezaji wa namna hiyo kuliko wale wanaojaza mitandao kwa siku mbili.

Jambo hilo linanifikisha kwa Sam Konstas. Mnamo Oktoba 2024, akiwa ametimiza miaka 19 siku chache kabla, kijana huyu wa New South Wales alifunga mbio 152 na 105 katika mechi moja dhidi ya South Australia. Tangu Ricky Ponting, mpigaji aliyekuja kuwa nahodha wa Australia, mwaka 1993 hakuna kijana wa umri huo aliyefikisha mbio 100 mara mbili katika mechi moja ya Shield, na jina la Ponting likishatajwa hapa, watu huacha kuuliza maswali. Timu ya taifa ilimchukua kwanza Nathan McSweeney, nahodha wa South Australia, ikamfanya mpigaji wa kufungua ingawa katika jimbo lake alizoea kuingia baadaye, tena ikampeleka moja kwa moja mbele ya Jasprit Bumrah, mrushaji hatari wa India. Baada ya mechi 3 akaachwa. Konstas akaingia Melbourne siku ya Boxing Day, tarehe 26 Desemba, akafunga 60 kwa mipira 65, akimpiga Bumrah mipira ya kuchota juu ya mlinda wiketi kana kwamba wako mazoezini. Nilishangilia kama kila mtu. Lakini nilikuwa nimemtazama kwenye Shield, na mpira unaoingia ndani kutoka nje ulikuwa ukimsumbua tangu mwanzo. Katikati ya 2025 katika visiwa vya West Indies alicheza zamu 6 akapata jumla ya mbio 50.

Sisemi kwamba hana mustakabali. Kwa umri wake ana muda wa kuanguka na kuinuka mara tatu. Ninachosema ni kwamba McSweeney alihukumiwa kwa kazi ambayo hakuwa akiifanya katika Shield, na Konstas alipandishwa kwa zamu mbili za mwezi mmoja. Kama zao la mashindano haya ni ukomavu, basi wateuzi mwaka ule hawakuyatumia inavyostahili.

Kabla ya kuendelea na majina, kuna jambo la kiufundi ambalo anayesoma takwimu hizi akiwa mbali ni lazima alijue. Mpira wa Kookaburra unaotumika Australia ulibadilishwa miaka michache iliyopita, mshono wake ukawa imara zaidi na unadumu muda mrefu, na wakati huohuo pichi nyingi, yaani ule ukanda wa katikati ambako mpira hudunda, zimeachiwa majani. Matokeo yake mrushaji wa kasi ana msaada hata katika ova ya 50, na wastani wa wapigaji umeshuka. Kwa hiyo mpigaji wa Shield mwenye wastani wa 40 leo anastahili heshima ambayo zamani ilihitaji 50, na mrushaji mwenye wastani wa mbio 22 kwa wiketi achunguzwe kwanza alirushia wapi. Fergus O'Neill wa Victoria ni fumbo la aina hiyo. Anaangusha wiketi kila msimu, wastani wake unazunguka mbio 20 kwa wiketi, na anajua kuuweka mpira palepale hadi mpigaji achoke, ila kasi yake si ya kutisha. Kwenye pichi tambarare, siku ya joto, mpira ukiwa umezeeka, sijui atafanya nini. Mimi ningempa nafasi Uingereza, ambako anga na majani humsaidia mrushaji wa aina yake, na nisingemkimbiza kwingine.

Msimu huo aliyefunga mbio nyingi kuliko wote ni Jake Weatherald wa Tasmania, aliyepata 906 kwa wastani wa zaidi ya 50. Historia yake ndiyo inayofanya namba hizo ziwe na uzito: mzaliwa wa Darwin, aliyecheza miaka mingi South Australia, aliyewahi kuacha kucheza kwa muda ili aangalie afya yake ya akili, kisha akahamia kisiwani Tasmania kuanza upya. Anapiga kwa mkono wa kushoto na hupenda kushambulia tangu ova ya kwanza, jambo ambalo kwenye pichi zenye majani lingepaswa kumponza, lakini yeye anachagua vizuri mpira wa kuuacha. Alipopewa Test yake ya kwanza dhidi ya Uingereza mjini Perth, Novemba 2025, alitolewa bila mbio katika zamu ya kwanza, na simu yangu ikajaa ujumbe wa watu wanaouliza kama huyu ndiye niliyekuwa nikimsifu. Mechi iliyofuata, Brisbane, alifunga 72. Sikujibu ujumbe wowote.

Fainali ilichezwa Karen Rolton Oval, kwa sababu Adelaide Oval mwezi Machi huwa imeshachukuliwa na soka ya Kiaustralia. Uwanja huu mdogo, uliopewa jina la mwanamke aliyewahi kuwa nahodha wa timu ya taifa, uko katika bustani za magharibi mwa jiji, hauna majukwaa makubwa, na watu hukaa kwenye tuta la nyasi na mablanketi yao. South Australia hawakuwa wametwaa Shield tangu 1995-96, wakati wapigaji wao wawili wa mwisho, Peter McIntyre na Shane George, walipozuia mpira baada ya mpira hadi sare ikapatikana na kombe likabaki nyumbani. Mzee aliyekaa jirani yangu alikuwepo siku ile, na alinisimulia mipira hiyo mmoja mmoja huku Brendan Doggett akiwabomoa Queensland mbele yetu.

Doggett ndiye mchezaji niliyemtazama kwa karibu kuliko wote. Mbio zake za kuja kurusha si za fujo, mkono unashuka ukiwa umenyooka, na mpira hutua kwenye majani ukiwa umesimama juu ya mshono, hivyo mpigaji hajui utaenda upande gani, na ninavyomwona hata Doggett mwenyewe hajui. Queensland walitolewa kwa 95, yeye akichukua wiketi 6 kwa mbio 31. South Australia wakajibu 271, Jake Lehmann akiwa na 102. Kisha Queensland, wakiongozwa na Marnus Labuschagne, wakageuza kibao kwa mbio 445, na Doggett akalazimika kurushia jua na pichi iliyokwisha kulainika hadi akaongeza wiketi 5. Jumla 11. Zamu ile ya pili ilinishawishi kuliko ya kwanza, maana wiketi za kwenye majani hupatikana, ila za kwenye pichi iliyokufa hutafutwa. Alikuwa fundi seremala kabla ya kriketi kuwa kazi yake, aliitwa kikosi cha taifa mwaka 2018 bila kucheza, na alihama Queensland kwenda South Australia. Mechi yake ya kwanza ya Test ilikuwa ileile ya Perth ya Novemba 2025, akiwa na miaka 31, na alichukua wiketi 5. Siku hiyo yeye na Scott Boland wakawa wanaume wa kwanza wawili wenye asili ya wenyeji wa Australia kuwa pamoja katika kikosi kimoja cha Test.

Lengo la ushindi lilikuwa 270, na South Australia wakaanza kwa kupoteza wiketi 3 kwa mbio 28. Tuta zima lilinyamaza. Hapo ndipo Alex Carey na Jason Sangha walipoongeza mbio 202 pamoja, Carey akifunga 105 na Sangha akibaki na 126 hadi ushindi wa wiketi 4 ulipopatikana. Sangha aliachwa na New South Wales mwaka 2024, akahamia huku bila kelele.

Mkenya akisoma haya ataikumbuka 2003, nchi yake ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia na Aasif Karim akawapa Australia mbio 7 tu katika ova zaidi ya 8 huku akichukua wiketi 3. Vipaji havikukosekana. Kilichokosekana ni mechi za siku nne kila wiki, ambamo mtu aliyeachwa na jimbo moja anaokotwa na jingine, anacheza misimu sita, na akifika 30 anajua kazi.

Kwa upande wa vipaji vijavyo, Mitchell Owen wa Tasmania nitamtaja kwa tahadhari. Mbio zake 108 kwa mipira 42 katika fainali ya Big Bash ya Januari 2025 ziliwapa Hobart Hurricanes ubingwa wao wa kwanza, lakini hazinielezi atafanya nini asubuhi ya mawingu mjini Hobart mpira ukiwa mpya. Sangha ningempa nafasi ya katikati ya timu ya taifa kabla ya wengi wanaotajwa. Ollie Peake wa Victoria alichukuliwa na kikosi cha taifa kwenda Sri Lanka Januari 2025 akajifunze, akiwa na miaka 18 na bila hata mechi moja ya Shield. Ana utulivu wa miguu ambao haufundishwi, na ninatumaini wateuzi watamwacha acheze misimu miwili mizima kabla hawajamwita tena.

Mashindano nimeyapa nyota 4 kati ya 5. Ile moja nimeizuia kwa ajili ya ratiba.