Vitabu vya maajabu vinavyogombewa maktabani kwetu

Riwaya ya fantasia ya vijana naipima kwa swali moja: uchawi wake unamgharimu nini anayeufanya? Kama mhusika ananuiza maneno mawili na shida zote zinakwisha, kitabu hicho hakimalizi hata wiki mikononi mwa wasichana wangu. Mimi ni mkutubi wa shule ya bweni hapa Tanga. Wasomaji wangu ni kidato cha pili hadi cha nne, wengi Kiingereza chao ni cha darasani tu, na vitabu vyetu karibu vyote ni vya mtumba, nilivyochambua mwenyewe kwa wauzaji wanaopanga chini pale Posta, Dar es Salaam. Ninachokijua vizuri ni kitabu kipi kinarudi kimechakaa na kipi kinarudi kama kilivyotoka.

Kilichochakaa kuliko vyote ni Akata Witch cha Nnedi Okorafor, cha mwaka 2011. Ukikikuta kwa jina la What Sunny Saw in the Flames usije ukalipa mara mbili, ni kilekile. Sunny ana miaka kumi na miwili, amezaliwa New York, sasa anaishi Aba, Nigeria, na ana ualbino. Mpira anaujua lakini jua halimruhusu kuucheza mchana. Umeme umekatika, anautazama mwali wa mshumaa, na ndani ya mwali anaona mwisho wa dunia. Baadaye anagundua kwamba yeye ni wa jamii ya siri ya Watu wa Chui, na kwamba soko lao liko ng'ambo ya daraja jembamba linaloteleza, na mtoni chini yake kuna dubwana. Kwenye ukurasa huo, katika nakala yetu, kuna mtu ameandika pembeni kwa penseli: “Usivuke we!” Chini yake mwandiko mwingine ukamjibu: “Anavuka.” Kwa utaratibu wa maktaba nilipaswa kufuta. Sijafuta.

Ninachokipenda zaidi humo ni pesa yao, chittim. Haichimbwi wala hairithiwi. Ukijifunza jambo jipya, vipande vya chuma vinadondoka miguuni pako kutoka pasipojulikana. Kwa hiyo tajiri ni yule aliyesoma, na mtu akiiba au akiua ili apate nguvu kila mtu anamjua ni wa namna gani. Wasichana wamelichukua neno hilo. Mwenzao akijibu swali gumu wakati wa prepo, utasikia kutoka nyuma: “Chittim hizo, okota!”

Kuna jambo ambalo mzazi wa Tanzania atauliza, nami niliuliza kabla sijakiweka rafuni. Katika hadithi hii ualbino wa Sunny unahusiana na uwezo wake wa kichawi. Nchini kwetu watu wenye ualbino wamewindwa na kukatwa viungo kwa sababu ya imani za namna hiyohiyo. Je, nimpe binti wa miaka kumi na minne kitabu kinachosema ualbino una nguvu ya ajabu? Nimempa, na sababu yangu ni hii: anayewindwa kitabuni ni yule anayeteka watoto kwa ajili ya uchawi, jamaa anayeitwa Black Hat Otokoto, na anayemkabili ni Sunny mwenyewe pamoja na wenzake watatu. Mwili wake si dawa ya mtu. Hata hivyo sikiachi kisomwe kimyakimya. Kila anayekirudisha tunakaa naye dakika chache tukizungumza, na mara nyingi maneno anayotoa yeye ni makali kuliko yangu.

Okorafor huyohuyo ana Binti, cha 2015, chembamba kabisa, hakifiki kurasa mia. Kilipata Hugo na Nebula, tuzo kubwa za sayansi ya kubuni na fantasia, lakini mimi nakipenda kwanza kwa wembamba wake, maana aliyezoea kusoma notisi tu anakimaliza wikendi moja na anatoka kifua mbele. Binti ni Mhimba, wa kabila la Himba la kule Namibia, bingwa wa hesabu, anatoroka kwao usiku kwenda chuo kikuu kilichoko sayari nyingine. Amejipaka otjize, ule udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta, na chombo anachosafiria ni kiumbe hai. Halafu njiani karibu abiria wote wanauawa. Onya mapema, hasa kwa watoto wa kidato cha kwanza. Bei anayoilipa ni kubwa na inaonekana mwilini mwake, sisemi zaidi. Kasoro yangu ni mwishoni: baada ya mauaji yale yote, msamaha unapatikana kwa kikao kimoja, upesi kuliko hata kesi ya kuku.

Wanaotaka unene wachukue Children of Blood and Bone cha Tomi Adeyemi, 2018. Mfalme ameufuta uchawi, watoto watatu wanataka kuurudisha, na hadithi inasimuliwa kwa zamu na Zélie, Amari na Inan. Inakimbia. Mapenzi ya Zélie na Inan, mtoto wa mfalme, mimi hayakuniingia hata kidogo, ila bwenini yalizua mjadala mpaka matroni akaja kuzima taa.

Upande wa sayansi ya kubuni nitakupigia debe kitabu ambacho wengi wanakipita kwa sababu ya jalada lake: The Ear, the Eye and the Arm cha Nancy Farmer, 1994. Mwandishi ni Mmarekani aliyekaa miaka mingi kusini mwa Afrika, na hadithi iko Zimbabwe mwaka 2194. Watoto watatu wa Jenerali Matsika wamefungiwa ndani maisha yao yote kwa usalama wao, wanatoka siku moja tu, wanatekwa. Wanapelekwa kwenye jalala la kale ambako watumwa wanachimbua plastiki ardhini, plastiki zetu sisi, kama vile watu wanavyochimba madini. Hapo wasichana wangu huwa wanacheka kwanza, kisha wanaangalia chupa ya maji mkononi. Wapelelezi wanaowatafuta watoto wameharibiwa na sumu ya plutonia, ile madini ya nyuklia, tangu tumboni: mmoja anasikia kupita kiasi, mmoja anaona, na wa tatu anahisi kila kinachomwuma mtu aliye karibu naye. Huyo wa tatu jaribu kumfikiria ndani ya daladala saa kumi na mbili jioni. Sura za kijiji cha Resthaven zinachelewa kidogo, vumilia, kuna kisa cha mapacha pale ambacho hutakisahau.

Na Kiswahili je? Mwenyeji wetu Shaaban Robert, aliyezaliwa Machui hapa kusini mwa mji mwaka 1909, alituandikia Adili na Nduguze. Watoto wanakiogopa kwa sababu walikikuta kama kazi ya darasani. Kitoe darasani, kisome kwa sauti usiku. Mjumbe wa mfalme anachungulia na kumwona liwali mwema, mpole, akiwachapa manyani wawili, kisha anawalilia na kuwalisha. Manyani ni ndugu zake waliomdhulumu, na ameamriwa na jini awachape kila usiku. Yaani aliyetendewa ubaya ndiye anayebebeshwa fimbo. Lugha ni nzito, methali zimepangana, lakini nikifika kwenye Mji wa Mawe hakuna anayeuliza maana ya neno, wanauliza kitakachofuata.

Kingine ni Walenisi cha Katama Mkangi, 1995, kutoka Kenya. Dzombo amehukumiwa kufa kwa kufungiwa ndani ya chombo na kurushwa angani, naye anaishia kutua kwenye sayari yenye watu wanaoishi vingine kabisa. Katikati kuna hotuba ndefu, wengine wanaruka kurasa, siwalaumu. Kwetu kuna nakala moja na haiazimwi, inasomwa palepale mezani kwangu. Ukiiona popote, nunua mbili, ya pili nitakulipa.