Bodi ipi, kompyuta ipi: kupanga prosesa kwa kasi ya kweli kabla ya kununua

Anayetaka bodi ya kuwasha pampu ya maji na anayetaka mashine ya kuhifadhi video za kamera huuliza swali lile lile dukani: ipi ina kasi? Muuzaji atakusomea MHz (mamilioni ya mizunguko ya prosesa kwa sekunde) zilizoandikwa kwenye boksi, nazo hazitoshi. Arduino Mega, bodi ndogo ya kuongoza vifaa, ya 16 MHz, hupata alama 7 tu kwenye CoreMark, programu ya kupima kasi ya prosesa. ESP32, bodi ndogo yenye WiFi, ya 240 MHz, hupata 351 kwa kiini kimoja cha prosesa. MHz zimezidi mara 15, kazi imezidi mara 50. Mega ni ya biti 8, kwa hiyo namba ya biti 32 huijumlisha kipande kwa kipande, mara nne.

Hata hizo alama zisome kwa jicho kali. ESP32 hiyo hiyo, kwenye karatasi ya Espressif anayeitengeneza, imeandikiwa 504.85 kwa kiini kimoja. Hapo si lazima awepo mwongo: tofauti ya namna hii huletwa sana na kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya chipu. Programu ya Arduino huiambia ibane ukubwa wa msimbo (-Os), anayetafuta rekodi huweka -O3, yaani kasi kwanza. Alama isiyotaja mipangilio ya kompaila iache ilipo, na jaribio la CoreMark lililokwenda chini ya sekunde 10 halihesabiki.

Huu ndio mpangilio wetu, kwa mwenye pesa ya kitu kimoja.

1. ESP32. Kwa vihisi, relei (swichi zinazoongozwa na umeme), mita na chochote kinachohitaji WiFi, anzia hapa. Ina viini viwili na RAM ya KB 520. Kitengo chake cha desimali, sehemu ya chipu inayohesabu namba zenye nukta, ni cha biti 32 tu. Ukiandika `x * 0.5` kompaila inaichukulia kuwa ya biti 64 na hesabu inafanywa kwa programu, polepole. Andika `0.5f`, yaani desimali ya biti 32. Tatizo linalowasumbua wengi si kasi, ni umeme: WiFi inaporusha huvuta hadi mA 240 kwa ghafla, kebo nyembamba ya USB inaangusha volti, bodi inajizima na kuwaka upya huku ikiandika "Brownout detector was triggered". Badilisha kebo kwanza, kisha weka kapasita ya µF 470 kati ya 5V na GND. Usikimbilie kulaumu programu.

2. Kompyuta ndogo ya mezani iliyotumika, zile za ofisini zenye Core i5-6500T au mpya zaidi. Watu huidharau kwa sababu ni mtumba, lakini kwa seva ya nyumbani au ya duka ndiyo tunayoiweka mbele ya Raspberry Pi (kompyuta nzima juu ya bodi moja, namba 3 hapa chini): inakuja na kasha, feni, adapta na nafasi ya SSD. Kabla ya kulipa, washa Linux kutoka kwenye flashi yenye p7zip (programu ya kubana faili), fungua terminali na uendeshe kipimo chake cha kasi, `7z b`, mara kadhaa mfululizo kwa dakika 10 hadi 15. Tazama MIPS (mamilioni ya maagizo kwa sekunde) za mwisho, si za kwanza. Chipu za Intel hupanda juu sekunde za mwanzo kisha hutulia. Zikiendelea kushuka kila raundi, pesti ya kupozea imekauka au feni imejaa vumbi. Fungua pia mfuniko uhesabu RAM: vijiti viwili vya GB 4 ni bora kuliko kimoja cha GB 8, maana prosesa inasoma njia mbili kwa pamoja. Kizazi cha sita hakimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11, basi panga kutumia Linux.

3. Raspberry Pi 5. Viini vinne vya Cortex-A76 kwa 2.4 GHz, na pini za GPIO, za kuunganisha vihisi na relei, ambazo kompyuta ya mezani haina. Bei ya bodi isikudanganye: ongeza adapta ya 5V/5A, feni na SSD. Ukiichomeka kwenye adapta ya 3A, vifaa vyote vya USB vinagawana mA 600 tu, na diski ya nje inaweza kugoma. Ukijaribu kasi yake, endesha `vcgencmd get_throttled` mwishoni, ikuambie kama prosesa ilipunguzwa kasi. Jibu `0x0` ni salama. `0x50000` maana yake volti zilishuka na prosesa ikapunguzwa kasi, kwa hiyo alama zako si za Pi, ni za adapta mbovu. Joto nalo: ikifika nyuzi 80 inaanza kujipunguza. Usilinganishe Pi na Intel kwa kipimo cha `sysbench cpu`. Inahesabu namba tasa tu, na hata kubadilisha mfumo wa biti 32 kwa wa 64 kunageuza matokeo kabisa.

4. Pico 2. Bodi ndogo ya Raspberry Pi, ya aina ya ESP32. Nafuu, 150 MHz, na ina kitengo cha desimali ambacho Pico ya kwanza haikuwa nacho. Ya kawaida haina WiFi. Tafuta yenye W kwenye jina.

5. Teensy 4.1. Bodi ndogo ya 600 MHz. Ndugu yake 4.0 mwenye chipu ya aina hiyo hiyo hupata CoreMark 2,313. Ni ya sauti na mota za kasi. Kwa pampu ya maji ni kuua mbu kwa rungu.

6. Arduino Uno R3. RAM yake ni baiti 2,048, na data ya CoreMark peke yake ni baiti 2,000, ndiyo maana tulitaja Mega. Kwa mwanafunzi bado ina faida moja: chukua ile yenye chipu ndefu ya miguu 28, maana ukiiunguza unaing'oa kwenye soketi na kuweka nyingine.