Uzoefu wangu: fundi wa ufukweni Bagamoyo na usukani uliopasuka

Mashua yangu inabeba mizigo midogo kati ya Bagamoyo na Unguja. Msimu wa kusi usukani wake wa mvule ulipasuka, ufa ukaanzia kwenye tundu la bolti ya bawaba ya chini ukapanda kufuata nyuzi za ubao. Kila wimbi likigonga tezi, yaani nyuma ya chombo, kana, ule mpini wa kugeuzia usukani, inacheza mkononi.

Fundi wa kwanza alitaka kupigilia bati pande zote mbili, chombo kirudi majini maji yakijaa. Sikuridhika. Nikaupeleka kwa mwingine, anafanyia kazi ufukweni karibu na soko la samaki, na huyu ndiye ninayemsifu.

Kabla ya kugusa ufa alichomoa bolti. Ilitoka imevimba kwa kutu, na ubao ulioizunguka mweusi tii. Akanieleza kwamba kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo inausukuma ubao kutoka ndani mpaka unaachia. Ziba ufa, acha bolti ile, utapasuka tena palepale.

Gundi hakupaka siku hiyo, wala siku iliyofuata. Aliuosha usukani kwa maji ya kisima kutoa chumvi, maana chumvi inavuta unyevu na epoksi, ile gundi ngumu ya kuchanganya, haishiki ubao mbichi, kisha akauanika kivulini. Juani ungekauka upesi nje na kuongeza nyufa. Hapa ndipo wengi wetu tunakosa subira, na mimi nasema kungoja huku ndiko kulikoikoa kazi.

Ulipokauka, aliupanua ufa kwa msumeno hadi akafika kwenye mti mzima, akachonga kibanzi cha mvule chenye nyuzi zinazokwenda upande uleule. Mvule una mafuta yake, basi akaufuta kwa thina kwanza. Epoksi tupu ikatangulia, ubao uinywe. Kisha ile iliyochanganywa na unga laini wa mbao. Alikoroga kidogo kidogo kwenye sahani bapa, asubuhi mapema, kwa sababu kwa joto letu ukijaza kopo inachemka na kuganda kabla hujamaliza. Jiriwa za kubania kiungo alizikaza kiasi tu, asije akaikamua gundi yote ikatoka.

Kilichonivutia zaidi ni matundu ya bolti. Aliyatoboa makubwa kuliko yanavyohitajika, akayajaza epoksi, ilipokauka akatoboa tena katikati kwa kipimo cha bolti mpya zisizoshika kutu. Sasa bolti imezungukwa na gundi, na maji hayana njia ya kuingia kwenye ubao.

Lawama ninazo mbili. Hakuniambia mapema kwamba bolti hizo zingefuatwa Dar, nikapoteza siku za maji mazuri. Na kupaka rangi aliniachia mwenyewe, ilhali epoksi ikiachwa wazi jua linaila. Gharama yote, bolti zikiwemo, haikufika laki tatu. Usukani mpya wa mvule usingepatikana kwa hela hiyo.

Tangu hapo nimevuka na kusi kali nikiwa na shehena, kana imetulia, na pale penye kiungo ukucha haupati pa kuingia. Ukimpelekea usukani uliokwisha kuliwa na wadudu wa baharini atakataa kuutengeneza, atakwambia ununue mti mpya. Ukienda, nenda maji yakiwa yametoka, ndipo utamkuta nchi kavu chini ya vyombo.