Uzoefu wangu: upasuaji wa neva za mkono baada ya ajali ya pikipiki

Leo natimiza miezi 16 tangu nifanyiwe upasuaji wa neva (mishipa ya fahamu) za mkono wa kulia. Nilisita kuandika mapema kwa sababu neva hukua polepole, na mtu akitoa maoni mwezi wa pili bado hajaona chochote.

Nilianguka na pikipiki nikatua kwa bega, shingo ikavutwa upande wa pili. Mtulinga ulivunjika, na hospitali niliyofikishwa waliutibu vizuri. Lakini mkono ulining'inia. Vidole vilifanya kazi, kiganja kilishika, ila kiwiko hakikukunjika na bega halikuinuka hata kidogo. Nikaambiwa neva zimeshtuka tu, zitarudi, nisubiri. Nikasubiri wiki 14 bila kipimo hata kimoja, na hilo bado linaniuma.

Kusubiri si kosa. Neva iliyoshtuka bila kukatika huamka yenyewe baada ya wiki au miezi michache. Kosa ni kusubiri bila mtu anayefuatilia. Neva hukua takriban milimita 1 kwa siku, na msuli uliokatiwa mawasiliano unazidi kunywea. Ukipita mwaka au mwaka na nusu, neva huenda ikaufikia na usiitikie tena. Ndiyo maana mabingwa hupenda kufanya upasuaji wa aina hii ndani ya miezi 6 ya mwanzo. Kama mkono wako umelala tangu ajali, dai rufaa kwa bingwa wa neva sasa, hata kama mwishowe atakuambia usubiri.

Kliniki ya neva niliyopelekwa ilinishangaza siku ya kwanza. Karibu saa nzima daktari hakugusa mashine. Nilivua shati, akasimama nyuma yangu akitazama mabega yanavyotofautiana, kisha akapima msuli mmoja mmoja na kuupa alama kutoka 0 (haujikazi kabisa) hadi 5 (nguvu kamili). Msuli wa mbele wa mkono: 0. Wa bega: 0. Wa nyuma ya mkono: 4. Alinigongagonga kwa kidole juu ya mtulinga akiuliza kama nasikia mchomo unaoteremka mkononi. Akanichunguza hata macho. Nilipouliza macho yanahusiana nini na mkono, alieleza kuwa kope ikilegea na mboni ikawa ndogo upande ulioumia, huenda mizizi ya chini ya neva za mkono, pale zinapotokea shingoni, imeng'oka kwenye uti wa mgongo. Yangu yalikuwa sawa. Hakuna aliyewahi kunieleza mwili wangu kwa uvumilivu ule.

Baadaye vikaja kipimo cha umeme wa neva na misuli, na MRI (picha ya ndani ya mwili kwa sumaku) ya shingo. Kile cha umeme kinauma, hasa sindano inapoingia msulini na unaambiwa ukaze. Majibu: mzizi wa sita wa neva za shingo umeng'oka, wa tano umeharibika vibaya. Mzizi uliong'oka kwenye uti haushoneki ukarudi mahali pake, kwa hiyo iliyobaki ni kuazima sehemu za neva jirani ambazo hazijaumia.

Hapo ndipo nilipoogopa. Kwa ajili ya kiwiko walitaka kuchukua fungu dogo la nyuzi kutoka neva ya upande wa kidole kidogo, waliunge kwenye neva ya msuli wa mbele wa mkono. Njia hiyo ilielezwa mwaka 1994 na Christophe Oberlin wa Ufaransa. Nikauliza: na kiganja changu, kitu pekee kinachofanya kazi? Daktari akachora, akaeleza kuwa mafungu hujaribiwa kwa umeme mdogo mezani, wachague linalokunja kifundo cha mkono na kuacha yale ya vidole. Kwa bega wangeazima neva mbili: tawi la neva inayopandisha bega kuelekea shingoni, na tawi la neva ya msuli wa nyuma ya mkono.

Upasuaji ulichukua saa 7. Kidole kidogo kilikuwa na ganzi kwa wiki kadhaa, kisha kikarudi. Mwezi wa nne nilikunja ngumi na msuli wa mbele wa mkono ukaruka. Mke wangu aliuona kabla yangu. Kwa muda mrefu sikuweza kukunja kiwiko bila kukaza kiganja kwanza, maana ubongo bado ulidhani neva ile ni ya kiganja. Mazoezi ya kila siku ndiyo yalivitenganisha.

Leo nakunja kiwiko nikiwa na uzito wa kilo 3. Bega linainuka hadi kama digrii 70, na kuzungusha mkono kwenda nje bado ni kidogo sana.

Lawama yangu kwa kliniki ni maumivu. Maumivu ya kuungua usiku, kama mkono umewekwa juu ya jiko, yalichukuliwa kama jambo la pembeni hadi nilipong'ang'ania ndipo nikaandikiwa gabapentini, dawa ya maumivu ya neva. Yalipungua, na nililala. Swali la maumivu lilistahili kuulizwa siku ya kwanza, pamoja na alama za misuli. Pia miadi ya mazoezi ilikuwa imeachana mno. Mazoezi mengi nilifanya nyumbani, nikinyoosha kiwiko na vidole ili viungo visikakamae.

Mwezi wa 18 nitapimwa tena bega. Likibaki hapa, tutazungumzia kuhamisha kano ya msuli mwingine ili mkono uzunguke nje.